Anza na mpira, filamu itasubiri

Wengi wanaoanza animesheni hukimbilia filamu ya dakika tano. Piga hesabu kwanza: sekunde moja ina fremu, yaani picha tuli, 24. Hata ukitumia mchoro mmoja kwa kila fremu mbili, hiyo ni michoro 3,600. Miradi ya namna hii hufia njiani.

Chora mpira unaodunda, sekunde mbili tu. Ukiwa juu kabisa, michoro isogeleane. Ukikaribia ardhi, iachane. Ukiipanga kwa nafasi sawa, mpira utaelea kama puto, na hakuna programu itakayokuokoa. Kila mdundo uwe mfupi kuliko uliotangulia, kwa kimo na kwa muda. Mpira ukibonyea unapogusa ardhi, utanue pembeni, la sivyo utaonekana umepungua ujazo. Mbonyeo huo usizidi fremu moja au mbili.

Kisha nenda kwenye mtu anayetembea. Kwa mwendo wa kawaida, hatua moja ni takriban fremu 12. Miguu ikiteleza, kagua unyayo uliokanyaga: mara nyingi kasi yake hailingani na ya mandhari.

Kuhusu programu, msibishane sana. Blender, Krita na OpenToonz ni za bure na zinatosha.

Video ya kuonyesha kazi zako isizidi dakika moja, na kazi bora iwe ya kwanza. Kazi dhaifu itoe, hata kama ilikutesa. Mlipofanya wengi, andika sehemu yako. Na mteja akija, kubalianeni kwa maandishi idadi ya marekebisho, upokee malipo ya awali, ndipo ushike kalamu.