Bega Langu na Vitamini D

Asubuhi moja nilishindwa kuingiza mkono wa kushoto kwenye blauzi. Maumivu yalikuwa yameanza wiki kadhaa kabla, nikadhani nimelalia mkono vibaya. Usiku ndipo yalipozidi: nikijigeuza tu upande ule, usingizi umekatika.

Daktari aliniambia nilegeze mkono, akauinua yeye mwenyewe. Haukupita usawa wa bega. Akaniambia nibane kiwiko ubavuni, nizungushe kiganja kuelekea nje, nao ukagoma kabisa. "Bega limeganda," akasema. Utando unaozunguka kiungo umevimba, ukawa mnene na kukaza. Tatizo hili huwapata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari wamo hatarini zaidi. Ndiyo maana akaagiza nipimwe sukari. Na kwa kuwa nilimweleza pia kwamba mifupa inaniuma na nikipanda ngazi miguu inakuwa mizito, akaongeza kipimo cha vitamini D.

Sukari ilikuwa sawa. Vitamini D ilikuwa nanogramu 11 kwa mililita, na chini ya 20 huhesabiwa kuwa ni upungufu.

Nilifurahi, nikajua mchawi wa bega langu amepatikana. Kazi yangu ni ya ndani kutwa nzima, na kumbe jua la dirishani halikuwa likinisaidia kitu, kwa sababu kioo huzuia karibu miale yote ambayo ngozi huitumia kutengeneza vitamini hiyo. Nikaandikiwa uniti 50,000 mara moja kwa wiki, kwa wiki 8, halafu dozi ndogo ya kila siku. Nilitamani kuongeza mwenyewe ili nipone haraka. Daktari akanikataza kwa ukali, na nashukuru alifanya hivyo: vitamini D huhifadhiwa kwenye mafuta ya mwili, haitoki upesi kwa mkojo kama vitamini C. Ikizidi sana hupandisha kalsiamu kwenye damu, na figo zinaweza kuumia.

Baada ya miezi 3 nilipima tena, nikakuta 34. Miguu ilikuwa imepata nguvu, napanda ngazi bila kushika ukuta. Bega? Palepale. Siku hiyo nililia.

Daktari alinieleza vizuri, na haya ndiyo natamani ningeyasikia mapema. Upungufu mkubwa hudhoofisha misuli, hasa ya mapaja na nyonga, na hulainisha mifupa. Hayo dawa iliyatibu. Utando uliokaza ni jambo jingine. Wapo watafiti waliokuta vitamini D ya chini kwa watu wenye matatizo ya bega, lakini mtu anayeumwa pia hutoka nje mara chache, kwa hiyo si rahisi kusema kipi kimeanza. Vidonge nisiviache, ila nisivitwishe kazi ya mazoezi.

Nikaanza fiziotherapia kwa moyo wote. Kila jioni nilikanda bega kwa taulo la moto, nikainama nikiwa nimeegemea meza kwa mkono mzima, ule mbovu nikauacha uning'inie na kuuzungusha taratibu. Kisha nikasimama mbele ya ukuta, vidole vikapanda kama buibui mpaka maumivu yaniambie basi, nikaweka alama kwa penseli na kuandika tarehe. Alama ya kwanza ilikuwa usawa wa kidevu. Kwa wiki 5 zilizofuata zilibanana mahali pamoja, kiasi kwamba tarehe zilipandana zikawa hazisomeki. Kisha zikaanza kuachana, upana wa kidole, wakati mwingine vidole viwili.

Sasa ni mwezi wa 14. Alama ya juu kabisa nimeiweka nikiwa nimesimamia vidole vya miguu. Blauzi navaa bila kufikiri, usiku nalala upande wowote. Vifungo vya mgongoni tu ndivyo bado navifunga kwa mkono wa kulia.