Safari hii nimepanda mdimu

Mwezi wa 3 mvua zilivyokolea hapa Nyegezi, Mwanza, nikang'oa mchungwa wetu wa uani, na aliyeumia kuliko wote ni mama maana yeye ndo alikuwa anaumwagilia miaka yote hiyo. Tatizo haukuwa mchungwa. Tuliuziwa mche wa kubebeshwa, yaani kikonyo cha mti mmoja kimeunganishwa juu ya shina la mwingine, na kweli ulikuwa na kile kinundu cha kiungo pale chini, ila chipukizi likatoka chini ya kiungo likanenepa haraka, kale ka juu kakasinyaa mpaka kakakauka, na sisi tunafurahi mti unakua kumbe kinachokua ni shina la mlimao walilobebeshea. Ulipozaa tukapata malimao yenye ganda nene lenye mabonde mabonde, mbegu kibao na maji kiduchu. Mama akasema, "mwanangu, tumelea mtoto asiye wetu."

Kwa hiyo ndugu zangu ukienda kununua mche chuchumaa uangalie kiungo, na ukipanda kiache juu ya udongo, chochote kinachochipua chini yake kivunje kwa vidole kikiwa bado laini.

Safari hii nilijiuliza kwanza hapa nyumbani tunakunywa nini. Chungwa glasi moja inakula matatu manne, mti mmoja hauwezi kutosheleza watu saba. Ndimu tatu nne tu na kipande cha tangawizi jagi limejaa, nyingine inaenda kwenye chai ya rangi, nyingine kwenye sato, na juisi ya miwa bila ndimu mi naona haijakamilika kabisa.

Kitaluni kulikuwa na aina mbili, ile kubwa isiyo na mbegu wanaita ya Tahiti, haina miiba ya kusumbua na maji inayo, na hii yetu ndogo yenye miiba na mbegu. Wenye watoto wadogo wengi wanachukua kubwa na nawaelewa. Lakini nilifikicha jani la ile ndogo mkononi, harufu ikabaki mpaka nashuka kwenye daladala, basi nikabeba hiyo, nikaipanda kule nyuma kwenye ukuta ambako mpira wa watoto haufiki.

Shimo futi mbili kwa mbili, samadi iliyooza vizuri, na sehemu iliyoinuka kidogo maana michungwa na midimu haitaki mizizi ikae kwenye maji. Jirani yetu wa chini kule karibu na ziwa wake umekuwa wa njano kwa sababu ardhi haikauki. Kwetu huku kwenye majabali shida ni kinyume, kiangazi cha mwezi wa 6 mpaka wa 8 lazima umwagilie na kufunika nyasi shinani. Mche wa kubebeshwa ukitunzwa mwaka wa pili au wa tatu unaanza kuzaa, wa mbegu utasubiri sana.

Cha kuangalia sana ni viwavi, wakiwa wadogo wanafanana kabisa na kinyesi cha ndege juu ya jani, unampita hivi hivi, ukimgusa anatoa pembe mbili nyekundu zenye harufu kali. Wawili watatu wanamaliza mche mchanga. Mama anapekua majani kila asubuhi kabla ya chai, leo kakuta wawili.