Matone matatu ya mafuta ya karafuu yamenitia hasara

Jamani mwenzenu yamenikuta. Masika hii hapa Tanga nyumba nzima inanuka uvundo, nikafungua kasha la marehemu bibi nakuta daftari lake la hesabu za mikeka limepiga ukungu, karatasi zimelegea kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nikakumbuka niliwahi kuambiwa mafuta ya karafuu yanaua ukungu, na kweli yanaua, ila namna ya kuyatumia sikuuliza 😂 nikadondosha matone matatu moja kwa moja kwenye ukurasa. Weee! Palepale karatasi ikaanza kuonyesha maandishi ya upande wa pili, wino wa bolpeni ukatambaa, jina la mdeni mmoja wa 1987 likafutika kabisa. Kapona huyo.

Nikaanika nikijua litakauka kama maji. Shangazi akacheka, eti mafuta ya karafuu halisi yanapaa taratibu na doa linafifia, likibaki limeng'ang'ania huenda yamechanganywa na mafuta ya kupikia. Langu wiki ya tatu hii lipo vilevile, kwa hiyo huenda hata dukani nimepigwa.

Na ukungu umerudi, maana karatasi ni nyuzi za mti tu, zinanyonya unyevu wa hewani kama ukindu unavyonyonya, harufu haizuii. Sasa nimeweka karatasi kavu katikati ya kurasa, nabadilisha kila asubuhi, dirisha wazi mvua ikikata. Chupa ya karafuu nimempa shangazi, jino linamsumbua.