Tulivyochora mtaa bila kuandika jina la mtu

Swali la kwanza kwenye fomu tuliyopewa lilikuwa "Jina la mkuu wa kaya". La pili, namba yake ya simu. Choo na bomba, vitu ambavyo ndivyo tulivyotumwa, vilikuja huko chini kabisa.

Nilikuwa nasimamia vijana waliokusanya taarifa za vyoo, mabomba na mitaro kwenye mtaa mmoja wa kata ya Unga Limited, hapa Arusha, ili ziingie OpenStreetMap. Hiyo ni ramani iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Yeyote anaihariri, yeyote anaichukua. Uzuri wake ndio huo, na hatari yake ndiyo hiyo hiyo. Ukiweka kitu leo ukakifuta kesho, toleo la zamani hubaki kwenye historia yake, pamoja na jina la akaunti iliyokiweka.

Kwa hiyo nilianza kwa kuifyeka fomu. Kila swali nilipima: jibu lake litabadilisha nini kwenye ramani? Jina la baba mwenye nyumba halizibui mtaro, likatoka. Simu ikatoka. Lililonisumbua ni "Je, kuna mgonjwa au mwenye ulemavu ndani?" Mfadhili alilitaka, na alikuwa na hoja: masika yakija, nani atahitaji kubebwa? Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaihesabu afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Na hata pasingekuwa na sheria, ukiandika hivyo juu ya nyumba ambayo GPS imeshaionyesha, umemwambia mwizi mahali alipo mzee asiyeweza kukimbia. Tukakubaliana habari hizo zibaki kwa balozi wa nyumba kumi, ambaye watu wake anawajua bila simu yetu.

Picha nazo zina mambo yake. Uswahilini maisha yako nje: mmoja anasukwa, mwingine anafua, mtoto yumo kwenye beseni. Mlango wa choo mara nyingi ni khanga, na nyuma ya khanga kuna mtu. Tukaweka utaratibu: hodi kwanza, subiri ujibiwe, kisha simu iinamishwe chini, upige koki au sakafu basi. Mama mmoja alituangalia akauliza, "Wanangu, na hizo nguo zangu kwenye kamba zinaenda intaneti?" Kijana akamjibu, "Hapana mama, tunapiga koki tu," akampa simu aione picha mwenyewe. Aliitazama, akaridhika, halafu akaanua nguo zote. Picha zenyewe hazikupandishwa popote, kwa sababu faili ya picha huweza kubeba ndani yake mahali na saa ilipopigwa.

Wanaosahauliwa kila mara ni wakusanyaji wenyewe. Binti mmoja aliwasha GPS akiwa anatoka kwao asubuhi na kuizima akisharudi. Nilipofungua njia yake kwenye kompyuta kabla ya kupandisha, mstari ulianzia mlangoni kwake na kuishia mlangoni kwake, saa zikiwa zimeandikwa. Nikazikata ncha zote mbili, na tangu hapo GPS ikawa inawashwa mbele ya ofisi ya mtaa na kuzimwa hapo hapo. Kwenye KoboToolbox, programu tuliyojazia fomu kwenye simu, visanduku vya kurekodi namba ya simu na kitambulisho cha kifaa tuliviacha bila tiki. Akaunti za ramani wakazifungua kwa majina ya utani. Wengine yale ya kijiweni, ambayo sitayataja.

Si kila mtu alitaka kufichwa, lakini. Fundi pikipiki alisisitiza namba yake iwepo kwenye ramani, dunia nzima iione. Ni biashara yake, tukaiweka. Jirani yake anayeuza vitumbua barazani kwake alikataa hata jiko lisionekane. Tukaliacha.

Mfadhili alirudi kudai majina, safari hii kwa sababu nyingine: atajuaje hatukuzijaza fomu tukiwa tumekaa kwenye kahawa? Swali la haki kabisa. Tukamwambia achague mabomba yoyote kwenye ramani, tutembee naye. Akachagua, tukazunguka naye jua kali. Koki zote zilikuwepo. Moja haikutoa maji, na fomu ilikuwa imeshasema hivyo. Majina hakuyauliza tena.