Sikuhamia Dar: nilivyopata kazi ya filamu Mwanza

Kila niliyemwambia nataka kutengeneza filamu alinijibu: nenda Dar. Wakati ule walikuwa na haki. Hata mwigizaji Steven Kanumba, mtoto wa Shinyanga, nyota yake iling'aa akiwa Dar, na DVD za Bongo Movie zilitoka Kariakoo kwenda mikoani. Nikapanda basi na filamu yangu ya kwanza. Msambazaji mmoja aliichukua, akanipa hela isiyotosha hata chakula tulichowalisha waigizaji. Mkataba niliusaini bila kuusoma, haki zote zikabaki kwake. Nikarudi Mwanza na deni la kamera.

Deni lile nililimaliza kwa harusi. Ijumaa sendofu, Jumamosi harusi, wiki nzima kuhariri. Wapo wenzangu wanaoiona kazi hiyo ya chini, nami nawapinga kila siku. Bibi harusi haingii ukumbini mara mbili. Ukichelewa kuwasha kamera umemkosa. Huko ndiko nilikojifunza kusoma tukio kabla halijatokea, na ndiko nilikowapata watu wangu. Kijana aliyekuwa akifunga spika kwenye ukumbi mmoja wa Igogo ndiye anayenirekodia sauti mpaka leo. Dada aliyekuwa akipamba kumbi ndiye anayeandaa mandhari.

Filamu ya pili tukaamua iwe ya wavuvi wa dagaa. Niliandika mswada nikajaza usiku wa mwezi mpevu, ziwa linameremeta, mitumbwi kazini. Nikaupeleka mwaloni Kirumba, nikamsomea mzee mmoja mwenye mtumbwi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mbalamwezi hatuvui. Dagaa anafuata taa. Mwezi ukishawaka, taa yako ataiona saa ngapi?"

Niliandika upya karibu nusu ya mswada, na ratiba nzima ikageuka. Siku za giza tulitoka nao ziwani. Siku za mbalamwezi, wavuvi wakiwa wamepumzika nchi kavu, tulishuti maongezi na wao wenyewe wakaigiza. Nadhani hakuna mwongozaji angenifundisha hivyo. Kuanzia hapo sianzi kushuti mswada wowote kabla haujasomwa mbele ya watu wanaoifanya kazi hiyo.

Sauti ndiyo ilitutesa. Usiku wa kwanza tulirudi na picha nzuri mno, taa za sola zinaelea kwenye maji meusi kama mtaa mzima umehamia ziwani, lakini masikioni ni upepo na injini tu. Hatukuwa na hela ya kifaa cha kuzuia upepo. Yule kijana wa spika akakata manyoya ya kofia kuukuu ya baridi, akaivisha maiki, akaifunga na mpira wa ndani wa baiskeli. Safari iliyofuata tulimwomba nahodha azime injini kila mtu anapoongea, halafu tukarekodi injini peke yake kwa dakika mbili ili tuje kuilaza chini ya maongezi wakati wa kuhariri. Ukiitazama leo hutajua.

Tulipomaliza sikutafuta msambazaji. Tulikodi projekta, tukaomba kibanda umiza kimoja Mabatini, tukatundika shuka jeupe. Kiingilio shilingi 1,000. Tulichagua siku za mbalamwezi ili wavuvi waweze kuja, nao wakaja na familia zao. Mhusika mmoja alipotamka "wabeja", yaani asante kwa Kisukuma, kwa lafudhi ya nyumbani kabisa, kibanda kizima kililipuka kwa vifijo. Nilisimama nyuma karibu na mlango, machozi yakinitoka.

Tangu hapo kila mwezi tunaonyesha kitu: filamu yetu fupi au kazi ya kijana mwingine wa hapa. Anayebaki baada ya onyesho kutusaidia kukunja nyaya tunamuuliza anajua kufanya nini. Wengi wa kikundi chetu waliingia kwa mlango huo. Kabla ya kazi yoyote tunakaa, mkataba unasomwa kwa sauti kuanzia mstari wa kwanza, na malipo ya kila mtu yanaandikwa, hata ya anayekubali kusubiri. Wengine huchoka kusikiliza. Mimi sikubali tuuruke hata mstari mmoja.

Usiku ule wa Mabatini, yule mzee wa mtumbwi alinisubiri nje. Alinishika mkono, akanipongeza, halafu akaniuliza, "Mbona dagaa wameishia mtumbwini? Wanaoanika hukuwaona?"

Sikuwaona, ni kweli. Kwa hiyo filamu ya tatu ni ya kina mama wanaoanika dagaa, ambao mvua ya saa moja inaweza kuwaharibia mzigo wote. Mswada nimeshawasomea mara mbili, na wameufuta ukurasa wa kwanza wote. Tunasubiri masika yapite tuanze kushuti.