Tairi za kaboni za mtumba: achana na stika, kagua ringi

Siku hizi hapa Mbeya wadau wa baiskeli tunaona mzigo wa maana, ringi za Zipp, Mavic, DT Swiss, zimeshatumika Ulaya huko zikaingia na makontena, na jamaa wengi wakiziona tu macho yote kwenye stika. Stika inabandikwa jamani. Mi nikiitwa kukagua kabla mtu hajalipa, kama ni zile za breki za kubana ringi naanza pale mpira wa breki unaposhika, kesi yote iko hapo.

Shida ni miteremko yetu. Kaboni haitawanyi joto kama alumini, sasa we shuka Mlima Nyoka au Kitonga umeng'ang'ania breki, joto linabaki palepale, gundi iliyoshika nyuzi inalainika na ukuta wa ringi unavimba. Kwa macho huoni kitu. Bana ukuta kwa kidole gumba na cha shahada, zungusha taratibu mpaka ringi nzima iishe, ukikuta mahali pamejaa hata kidogo mrudishie mwenyewe. Alaf chukua sarafu ya mia mbili ugonge gonge kuzunguka, mlio uwe mkavu, pale kwenye valvu utabadilika kidogo hiyo kawaida, ila ukisikia mahali pengine pamekuwa butu ghafla ujue tabaka zimeachana ndani. Pitisha na pamba kwenye kingo, ikinasa washa tochi utafute ufa.

Za alumini rahisi, nyingi zina kitundu au mfereji mdogo wa alama pale breki inaposhika, ukishafutika ringi imekwisha, hata iwe inang'aa vipi. Angalia na nyufa kwenye matundu ya spoki.

Ringi kucheza kidogo mi siogopi, fundi ananyoosha, mradi spoki bapa azishike zisijisokote. Ila zibane mbilimbili za upande mmoja, ukikuta moja imekaza kama waya wa gitaa na jirani yake imelegea, hiyo ringi imepinda na mtu kailazimisha.

Habu sasa, ile sehemu ya katikati inayozunguka kwenye ekseli. Toa tairi, zungusha ekseli kwa vidole tu, ikikwaruza usikimbie kwanza. Kama ni beringi za kuchomoa soma namba, mfano 6902 ni 15 kwa 28 kwa 7 milimita, hiyo ni saizi ya kawaida hata kwenye maduka ya beringi za mashine unaiulizia, kwahiyo shusha bei tu. Habu za Shimano za goroli ndo za kuwa makini nazo, koni inayobana goroli unabadilisha lakini kikombe, yaani njia goroli zinapopita, kimekaa moja kwa moja kwenye habu, kikishakuwa na vishimo ndo basi tena, hata grisi ya dunia nzima haisaidii.

Na kama muuzaji yuko Dar, mwambie apige picha ekseli ya nyuma na rula pembeni kabla hajapeleka mzigo kwenye basi, maana fremu yenye nafasi ya nyuma ya milimita 130 haiingii tairi ya breki za diski ya milimita 142.