Jinsi nilivyoacha kula kwa huzuni

Mama alipofariki nilianza kula usiku. Saa tano, watu wamelala, nasimama jikoni gizani na hotpoti ya chapati. Ya nne naimeza bila hata kusikia ladha. Nikafika kilo 94 kwa urefu wa sentimita 165.

Kujinyima kulinishinda mara tatu. Ndipo nesi aliponiuliza: "Dada, njaa hiyo huja taratibu au ghafla?" Ghafla, tena yataka chapati tu, ugali haiutaki. Akanieleza kuwa njaa ya namna hiyo ni ya huzuni, si ya tumbo: msongo wa mawazo wa muda mrefu hupandisha homoni ya kotisoli, nayo huchochea hamu ya sukari na mafuta.

Sasa njaa hiyo ikinijia, nampigia simu mdogo wangu, tunamlilia mama pamoja. Kwa miezi minane nimepungua kilo 11, na chapati naila mchana, mezani, na wanangu.